Hesabu ya Karanga

Lumbesa ile ilianguka saa nne asubuhi,
soko la Kibaigwa limefurika malori.
Gunia la mahindi, limeshonewa kilemba juu,
lile lile alilokuwa akiligombea mizanini:
"Hili si gunia, jamani, ni gunia na nusu."
Likamjibu kichwani.

Hayo nimesimuliwa. Mimi nilikuwa barazani
na baiskeli ya mtu, magurudumu juu.

Siku arobaini na moja Dodoma, wodini.
Wamemnyoa upande mmoja,
mshono umepinda kama njia ya mbuzi kilimani.
Alipofumbua macho alinitazama
unavyomtazama mtu anayekudai
na hukumbuki ulikopa lini.

Neno lake la kwanza halikuwa Kiswahili.
Mfagiaji alipita na ndoo, akainama:
"Mbukwa."
Naye, midomo imekauka: "Mbukwa."
Nilitoka mbio kumwita nesi, kiatu kimoja.

Sasa tuko nyumbani.
Dada Restituta wa mazoezi ametuandikia daftari:
asubuhi, mkono wa kulia ukamue tambara mara ishirini;
mchana, vifungo vya shati;
jioni, hesabu.
Na chini, kwa wino mwekundu:
Usimmalizie sentensi.

Unajua uzito wa hilo?
Nyemo anasema, "Nipe ile... ile ya..."
na chumvi iko mbele yangu, naiona,
neno limenijaa mdomoni, nauma ulimi.
Mlenda unapoa. Ndahani, mwanetu, anatazama dari.
"...ya bahari," anasema mwishowe.
Nampa bahari yake.
Huku kwetu hatuna nyingine.

Kuna siku anatupa sahani.
Kuna siku ananiita kwa jina la kaka yake, marehemu,
naitika.
Kuna usiku napiga hesabu ya madeni,
vibaya, maana hesabu ilikuwa kazi yake,
nikasema neno ambalo sitaliandika,
uso nimegeuzia ukuta.

Bi Mwasiti wa jirani huuliza: "Atarudi kama zamani?"
Mimi fundi baiskeli, namjibu kifundi:
rimu iliyopinda huipigi nyundo.
Unaizungusha, unatazama inapoyumba,
unakaza spoku hii robo, unalegeza jirani yake,
unaizungusha tena.
Kuna rimu hubaki na kuyumba kidogo
na mtu anafika nayo Mpwapwa.

Lakini hilo ni jibu la mchana.

Jana jioni, upepo wa Julai ukipiga bati,
nilimwaga karanga kwenye ungo.
"Zihesabu."
Mwanamke aliyekuwa akijumlisha magunia mia tatu
bila kalamu, simu begani,
akasogeza moja. Akasogeza ya pili.
Kwenye saba akapotea, akairudia njia nzima.
Mimi, kwa njaa tu wala si kwa ujanja,
nikatia moja mdomoni.

Akasimamisha kidole.
"Kumi na... tisa."
"Ishirini," nikasema. "Nimemwaga ishirini."
Akanitazama mdomo.
Jicho lile la mizani, nalijua hata gizani.
"Kumi na tisa," akasema.
"Na mwizi mmoja."

Tulicheka mpaka Ndahani akaja na taa.

Leo asubuhi hakumbuki.
Nimemuuliza; amekunja uso, ametafuta ndani,
kisha ameniambia pole
kana kwamba mimi ndiye mgonjwa.
Si neno. Nimefungua daftari,
nimeandika chini ya wino mwekundu:
Karanga ishirini. Amepata kumi na tisa.
Sahihi.