Mkaa Usiowaka

Kizuizini Uyole, askari wa misitu
alitumbukiza mkono kwenye gunia langu
akautoa mweusi hadi kwenye kifundo.
"Mkaa wa mti gani huu?"
"Hauna mti, afande. Ni mwani.
Umetoka Paje, ukapanda huku na lori la dagaa."
Akanusa vidole. Akacheka. Akaandika:
mkaa, kilo tisa, mti haujulikani.
Risiti ninayo.

Baba, Ambakisye, amechoma mkaa Isongole miaka thelathini
na mlima unamdai.
Ndiye aliyenifundisha kuunyima moto hewa:
"Ukiuachia tundu la sindano, umevuna jivu."
Nilipomletea mwani, mkavu, umepauka kwa chumvi,
aliuliza kama ni mboga.
Tukaushindilia kwenye pipa, tukaziba kwa udongo,
tukakesha, ukungu ukitulowesha migongo,
viazi vikiiva juu ya kifuniko.
Moshi ulinuka pwani.
Baba hajawahi kufika pwani.
"Kumbe," alisema, "inanuka hivi."

Maabara, Iyunga. Niliuosha kwa asidi, kisha kwa maji,
kwa maji tena, hadi chumvi ikahama
ikaacha vyumba vitupu, vidogo kuliko vumbi.
Kijiko kimoja cha unga huu, lau kingekunjuka,
kingetandika shamba la viazi la mama,
nusu eka, pamoja na mfereji.
Humo ndimo umeme unamopanga,
mpangaji asiye na godoro wala sufuria:
anaingia, anakaa,
akiitwa anatoka, na ukuta haujachafuka.

Jumamosi nilipanda Isongole na vitufe vinne vya bati,
kila kimoja sawa na sarafu ya mia.
Umeme ulikuwa umekatika tangu saa kumi.
Taa ikawaka mezani, punje ya mtama.
Baba akaweka kiganja juu yake
kama anavyopima tanuri.
"Haina joto."
"Haina."
"Na mkaa wenyewe, unapungua?"
"Haupungui."
Akanyamaza. Nilimsikia akihesabu kitu, sijui miti, sijui miaka.
Dakika ya kumi na moja taa ikafifia,
ikazimika.
"Jaza tena."
"Mpaka umeme urudi, baba."
"Basi tungoje," akasema, akasogeza kiti.

Tulikaa. Kwenye giza lile
hukuweza kujua mikono ya nani ni myeusi zaidi.