Kumi Lisilolipwa

Sanduku la wilayani lilifika Novemba:
vijiti vya plastiki, rangi nne,
na maelekezo kwa lugha ya watu wa mbali.
Vijiti vya kumi havikuwamo.
Basi nikarudi kwenye gunia langu la vifupa.

Vifundo vya kondoo. Kila kondoo ana viwili tu,
miguu ya nyuma, na katika bonde hili la Naryn
hakuna mtoto ambaye hajavirusha vumbini
kabla ya kujua kuandika jina lake.
Vyangu ni mia. Maana yake kondoo hamsini:
wanane wa harusi ya Sezim,
kumi na mmoja wa matanga ya baba mkwe,
waliobaki sikumbuki. Niliviokota kimoja kimoja
kwenye sahani za watu, chini ya meza, mbele ya mbwa,
nikavichemsha kwa magadi, nikavianika juu ya jiko
hadi vikawa vyeupe kama meno ya utotoni.

Kifundo juu ya kifundo, kisha fundo:
kila kumi nimelifunga kwa uzi wa sufu nyekundu.
Visivyofungwa ni mamoja, hulala kulia.

Leo: arobaini na mbili, toa kumi na saba.
Nje ni nyuzi ishirini chini ya sifuri.
Aktilek ana mafungu manne na vifupa viwili.
"Mbili, toa saba?"
"Haitoshi."
"Haitoshi. Unafanyaje?"
Darasa zima, kwa mkupuo: "Unakopa!"
"Kwa nani?"
"Kwa jirani!"

Miaka ishirini na mitatu nimeuliza hivyo,
miaka ishirini na mitatu nimejibiwa hivyo.

Aktilek hakugusa uzi.
"Mwalimu," akasema, "tutamrudishia lini?"

Wakacheka. Mirgul akamwambia ni hesabu tu, mjinga wewe.
Yeye hakucheka. Mama yake ana ukurasa mzima
katika daftari la duka la Shakir:
unga, sukari, unga, betri, unga.
Baba yuko Yekaterinburg, anafagia theluji ya wengine.
Katika nyumba ile neno kukopa
halijawahi kuwa hesabu tu.
Kukopa harusi, kulipa matanga,
na mimi ushahidi wa vyote viwili ninao guniani.

Nikafungua kinywa. Hakikuwa na kitu.
Kaa likapasuka jikoni.
Nikatazama ubao, na ile moja ndogo ya chaki
niliyoiegemeza juu ya mbili
kama mgeni asiyejua alikotoka.

Kisha nikapiga magoti kwenye zulia,
nikashika fungu moja kati ya manne yake.
"Hili la nani?"
"Langu."
"Na hivi viwili?"
"Vyangu."
"Basi nani anamkopa nani?"
Akafikiri hadi kamasi ikamfika mdomoni.
"Hakuna," akasema. "Nafungua tu."

Fundo lilikuwa limekaza, akatumia meno.
Vikamwagika kumi, vikaungana na viwili,
kimoja kikabingirika chini ya kabati
na Mirgul akakifuata akitambaa kwa tumbo.
Akahesabu kumi na viwili, polepole, akigusa kila kimoja.
Akaondoa saba. Akaondoa fungu.
Yakabaki mafungu mawili, vifupa vitano,
na uzi mwekundu katikati, hauna kazi.
"Ishirini na tano," akasema. "Na hatudaiwi."

Nilifuta neno kopa kwa mkono wa sweta.
Sijui mkaguzi atasemaje mwezi wa tatu.

Jioni nilihesabu nikirudisha guniani:
mafungu tisa, mamoja tisa.
Nikahesabu tena. Tisini na tisa.
Dirishani nikamwona Aktilek akishuka njia ya mtoni,
mkono mmoja ndani ya glavu,
mwingine umefumbata kitu mfukoni.

Nikafunga gunia.
Kwenye daftari la vifaa nikaandika: mia.