Maji ya Eladio

Yamefika saa nane na robo usiku,
mirija mitatu ndani ya mfuko wa plastiki,
bado ina joto la mtu.
Rangi: chai ya rangi iliyochujuka.
Lebo: Eladio Pazos, miaka sabini na miwili.
Pafu la kushoto. Lita moja na nusu.

Maji usiyoyafika hujui wingi wake.
Wingi ninaujua. Nataka asili.

Mvua ya Ferrol inachapa dirisha,
mvua isiyo na haraka, wiki ya tatu sasa,
na taa za kiwanda cha meli zinatetema ng'ambo ya hori.
Huko alichomelea vyuma miaka thelathini,
asbesto ikimwangukia mabegani kama unga,
na jioni mkewe akilikung'uta shati barazani.
Baba yangu pia. Sitaki kumtaja.

Naanza na protini.
Moyo ukichoka, maji huvuja tu, mepesi,
hayana kesi na mtu.
Haya mazito, yamepita nusu ya protini ya damu yake.
Si moyo, basi. Utando wenyewe unawaka.
Nani kauwasha?

Kwenye darubini, chembe nyeupe ndogondogo
zimesongamana kama watu mazikoni.
Natafuta sura ngeni. Sioni.
Nabadilisha kioo. Sioni.
Hata za baba hawakuziona.

Kimebaki kimeng'enya kimoja,
adenosini deaminasi, jina la kuvunja meno.
Mpaka wake arobaini.
Mashine inaguna. Najikuta nahesabu vigae vya sakafu.

Sitini na nane.

Narudia. Sitini na saba.

Kifua kikuu! Nimecheka kwa sauti, peke yangu,
Mungu anisamehe,
nimeushangilia ugonjwa uliommaliza nyanya ya mama,
ambao jina lake halikutajwa mezani,
godoro lake likachomwa uani.
Lakini huu una vidonge. Una miezi sita, halafu una Krismasi.
Ule mwingine hauna.

Daktari Iria anapokea simu kwa sauti ya usingizi.
"Yaelekea," anasema. "Tutakata kinyama, tuhakikishe.
Mkewe usimwambie kitu."
Sawa. Namba ni shahidi, haijavaa joho la hakimu.

Nashuka kununua kahawa.
Dorinda yuko benchini, koti limelowa,
viatu vya mumewe mapajani.
Anaitambua aproni yangu.
Namuuliza tu kama anatumia sukari.
Ananitazama mdomo,
hanitazami macho.