Mengineyo

Ajenda ya saba, chini kabisa ya karatasi,
baada ya yatokanayo, baada ya mchango wa madawati,
baada ya mbuzi wa Chibago na uwele wa watu:
hapo ndipo tulipomweka Perusi Mhembano.
Kwenye mengineyo.
Wajumbe walishaanza kutafuta kofia zao.

Wanaume madawatini, wanawake sakafuni,
darasa la nne, shule ya Chilungule.
Aliinuka, akakung'uta vumbi jekundu upindoni,
akasema: "Nina visiki arobaini na saba."
Mtu akacheka. Nani huhesabu visiki?

Mimi ndiye katibu. Niliandika:
Mama mmoja alichangia kuhusu mazingira.

Sikuandika mwaka ule mtama ulipokauka ukiwa wa magotini,
mabasi yakawazoa wanaume hadi vijana,
naye akabaki na jembe na shamba la marehemu mumewe,
ardhi imepasuka kama kisigino.
Sikuandika kwamba alipiga magoti penye vichaka
tulivyozoea kuviita takataka,
akakuta chini yake miti ingali hai,
mizizi imekaa gizani miaka yote,
imenyamaza, haijafa.
(Wengine wetu tunaijua hali hiyo.)

Kila kisiki alikiachia machipukizi mawili,
mengine akayakata kwa kisu cha mlenda,
kisha akaichana kanga yake ya harusi
akafunga vitambaa, wachungaji wajue: huu una mwenyewe.
Mgunga ukavaa WE. Mlama ukavaa MA.
HAU ilikwenda kwa mkwaju,
OZI ikashuka hadi ukingo wa korongo.
Mingine ilivaa maua tu.
Mtoto wa Chibago, mbuzi mbele, yeye nyuma,
alijifunza kusoma mti kwa mti.

Misimu sita.
Korongo limeacha kula shamba.
Karanga zinashika penye kivuli.
Kuni ni matawi ya kupogoa, hapo hapo nyuma ya nyumba,
na Damari, aliyekuwa akizifuata mlimani alfajiri,
yuko kidato cha pili, anaulizwa habari za mvuke.

Wakaja wageni na magari meupe.
Walipouliza mwenye shamba, shemeji Ndahani alikwisha kurudi.
Fulana ya mkulima bora ilimbana tumboni,
akapigwa picha amekumbatia WE.
Wiki iliyofuata alileta mtu wa mkaa;
wakapita wakigonga mashina kwa ngumi,
wakikadiria magunia.

Hilo ndilo alilokuja kusema.
Fulana hakuitaja.
"Siombi mnigawie shamba," alisema. "Naomba mniandike.
Hati ya kimila ina mstari wa jina. Mniandike."
Mwenyekiti akatazama saa.
"Hayo ni ya kifamilia, mama. Mkayamalize nyumbani."
Nikaandika: Limeahirishwa.
Mwandiko wangu ni mzuri, wote husema hivyo.

Usiku nilikaa hadi taa ya sola ikafifia.
Nami nina ekari moja na nusu ya zabibu ninayoipalilia,
na jina langu halipo hata kwenye kigingi.
Nikachana ukurasa. Nikaanza upya,
maneno yake yote, kama yalivyotoka,
na kile kicheko pia, na jina la aliyecheka,
visiki arobaini na saba kwa tarakimu na kwa maneno,
na kwa kikao kijacho: Ajenda ya kwanza.

Mwenyekiti hasomi muhtasari. Hajawahi.
Asubuhi alikuja ana haraka, kalamu mkononi.
"Nisaini wapi, Yunisi?"
"Hapa," nikamwambia. "Chini ya Perusi."