Sketi ya Pazia

Pazia hili lilining'inia miaka kumi na tisa
katika nyumba ya shule, dirisha la mashariki,
nami kila alfajiri nikilisogeza kando
kuona kama kuni za uji zimefika.
Nilipostaafu nilipewa sufuria mbili, blanketi, na hotuba.
Pazia nililing'oa mwenyewe.
Pensheni bado iko njiani, inakuja kwa miguu.

Sasa nimekaa Kibuye, nyuma ya marobota ya mitumba,
kwenye kigoda kifupi kuliko heshima yangu,
na anayenifundisha ni Ogweno.
Ogweno wa dawati la nyuma. Ogweno wa kumi na saba kwa mia,
aliyeniandikia katika mtihani wa sehemu na desimali:
"Mwalimu, nusu ya chungwa ni chungwa lililoliwa."
Nilimnyima alama zote.

Haniiti kwa jina. Ananiita Mwalimu,
kisha ananiamuru kama mtoto:
"Fumua."

Nimefumua mara tatu.
Mara ya kwanza nilishona nje kukawa ndani,
mshono ukabaki juu kama kovu.
Mara ya pili nilikanyaga pedali kwa hasira,
gurudumu likarudi nyuma, uzi ukajisokota
ukawa kiota cha ndege asiye na akili.
Mara ya tatu, hiyo siisemi.
Muulize Mama Aluoch wa nyanya,
alicheka hadi mizani yake ikayumba.

Nikalalamika: hesabu nimepiga, Ogweno!
Nyonga inchi arobaini na nne,
zidisha kwa moja na nusu, sitini na sita,
gawanya kwa mbili, ongeza ya mshono,
ongeza ya mfereji wa mpira...
Akanipa kamba ya katani, akageuza uso, akatazama barabara.
"Jizungushe, Mwalimu. Funga fundo.
Kisha ongeza nusu yake,
ile nusu ya chungwa."
Hakutabasamu. Au alitabasamu nisione,
maana mdomo wake ulikuwa umejaa pini.

Nikapima kwa kamba. Nikakata.
Mkasi ulikwenda kru, kru,
kama ng'ombe kwenye majani yenye umande,
na nilipofika mwisho nikagundua
kwamba pumzi nilikuwa nimeibana tangu mwanzo.

Adhuhuri tukapitisha mpira wa kiuno.
Pini ya nepi inatangulia gizani, inakwama,
naisukuma kwa kidole gumba, polepole,
nilivyokuwa nikisukuma zamani jedwali la saba
katika vichwa vilivyogoma.
Ikachomoza upande wa pili, ikameta.
Nilipiga kelele. Ndiyo, mimi,
niliyekuwa nikinyamazisha darasa kwa kukohoa.

Ogweno akaitandaza mezani, akapuliza makaa ya pasi.
Hapo ndipo tulipoona:
jua la miaka yote ile lilikuwa limechora
vyuma vya dirisha langu juu ya kitambaa.
Mistari minne ya kijani cha zamani, imekolea,
na kati yake rangi ya chai yenye maziwa mengi.

"Madoa," nikasema. "Tugeuze, ndani iwe nje."

Akapitisha kiganja juu ya mistari, mmoja mmoja.
"Dirisha hili nalijua.
Nilisimama nje yake siku uliyonifukuza
nikalete pesa za mtihani.
Sikwenda nyumbani. Nyumbani hakukuwa na kitu.
Nilihesabu vyuma hadi kengele ya saa kumi.
Vilikuwa vinne.
Hesabu hiyo niliipata."

Mtu wa mitumba alikuwa anaita, hamsini, hamsini, chagua.
Pasi ilipita. Kitambaa kilitoa harufu ya vumbi la chaki,
au ni mimi niliyeinusa.
Nilitafuta neno, na maneno ndiyo kazi niliyoifanya
miaka thelathini na mbili,
nikapata hili tu:
"Pindo... limenyooka?"

Akainua sketi kwenye mwanga, akafumba jicho moja.
"Kushoto limeshuka kidogo."
Akanipa wembe.
"Fumua, Mwalimu. Mimi nitakushikia."