Upana wa Kiganja

Jumanne maziwa yakakatika.
Sikusema kitu. Nikayakamulia ndimu, nikayachuja,
nikajidai jibini ndiyo niliyoikusudia.

Jumatano siagi ikawa mafuta,
na changu niliowanunua soko la Seeb
wakaanza kunitazama kwa jicho la ukungu.
Nje Mabela inaungua, nyuzi arubaini na saba,
bomba la maji baridi linababua mkono,
na friji, kipupwe chetu pekee humu ndani,
inanguruma usiku na mchana
kama mtu apandaye ngazi na gunia, hafiki.

Mbarouk akavua kanzu, akabaki na shuka.
Kwanza akanikagua mimi:
"Mnaufungua mno mlango huu."
Akakizungusha kidude, kutoka tatu mpaka saba.
Ngurumo ikapanda, baridi ikabaki palepale.
Akabana noti ya baisa mia mlangoni, akaivuta;
mpira ukaing'ang'ania.
"Mpira mzima," akasema, kwa huzuni,
kama daktari aliyemkosa homa mgonjwa wake.
Akachomoa waya, akauchomeka tundu jingine.
Akaibandua barafu kwa mwiko wangu wa pilau.
Mwiko ukavunjika.

Akampigia fundi wa Ruwi, Mmalabari,
naye, kwa Kiarabu cha dukani, bila kuiona:
gesi. Riali ishirini na tano. Kuja tu, tano.
Mbarouk akaitazama simu
kana kwamba nayo imeacha kugandisha.

Haroub yuko mlangoni muda wote huo.
Mdogo wake Mbarouk, kutoka Wete,
amekuja kwa wiki mbili, huu mwezi wa nne.
Mtu wa kuosha kikombe chake kabla hakijapoa,
wa kukohoa koridoni ili tujue anapita.
"Niruhusu, kaka," akasema,
akapenyeza mkono nyuma ya friji.
Haukupita. Vidole tu.
Akavitoa vyekundu.

"Haina pa kupumulia," akasema.
"Kule Wete nililinda chumba cha barafu cha wachuuzi wa samaki.
Baridi haitengenezwi, kaka. Joto ndilo linalohamishwa.
Likikosa pa kwenda, hurudi lilikotoka."

Hakuna aliyemjibu.
Maana sote watatu tulijua ilikuwaje:
mwezi wa Aprili, jua bado lina haya,
friji ilikaa pale lilipo godoro lake.
Mimi ndiye niliyeisukuma, kwa nyonga,
mgongo ukagota ukutani, ubavu kwenye kabati.
Na mimi ndiye niliyemwambia dada kwa simu,
sauti chini, lakini si chini ya kutosha:
"Nyumba imebana, mwenzangu, hata pumzi hazipiti."

Tukaivuta. Ikalia juu ya marumaru.
Nyuma yake vumbi limefanya blanketi,
zito kama sufi ya mto,
na kibanio cha nguo, na punje za mchele wa Idi.
Haroub akalisugua kwa mswaki wa zamani,
taratibu, kama anayemkwangua mtoto ukoko kichwani.
Kisha akausimamisha mkono wake baina ya ukuta na chuma:
"Kiganja kimoja. Kisipungue."
Kiganja hicho kikatoka kwenye godoro.
Akalikunja ukingo, akauegemeza ukutani,
akasema usingizi wake hauna makuu.

Usiku wa pili, saa tisa, friji ikanyamaza.
Kwanza nikashtuka, nikadhani imekufa.
Kumbe imefika juu, imetua gunia.
Nikatia mkono: chupa ya maji inatoa jasho,
samli imeshika.
Na katika ule ukimya, wa kwanza tangu kiangazi kiingie,
nikamsikia Haroub akitaka kugeuka,
akakumbuka, akaacha.

Nikasimama na glasi yangu gizani
nikilitazama kabati la vyombo vya harusi,
miaka kumi na moja, sahani thelathini na sita,
hatujazilia hata tende.
Asubuhi nitamuuliza Mbarouk
hili nalo linagandisha nini.