Mkanda wa Ubao

Mkataba ulikuwa na vifungu kumi na vinne.
Cha tisa: mpangaji asipigilie msumari ukutani.
Nikasaini. Picha zikakaa miezi saba nyuma ya kabati,
zimeelekezwa ukutani kama watoto walioadhibiwa.

Nyumba ni kongwe, imeegemea jiwe la Isamilo
(jiwe lilitangulia, nyumba iliomba nafasi),
na juu, shibiri moja chini ya dari,
unazunguka ubao mwembamba wenye mgongo wa mviringo,
umepakwa rangi mara nyingi hata umesahau kuwa ulikuwa mti.
Nilidhani ni pambo. Kila Jumamosi naufuta vumbi,
nawasengenya wajenzi wa zamani:
kuivisha mkanda nyumba isiyo na suruali!

Fundi Bulugu alikuja kwa ajili ya bomba.
Akainua macho, akacheka hadi spana ikamponyoka.
"Dada Minza, hiyo ni reli. Picha hupanda hapo.
Hukuambiwa?"
Akakunja waya mnene, herufi esi,
kichwa chake kikakaa juu ya ubao kama mkono begani.
"Na uzi?"
"Uzi nenda Mwaloni."

Kule Kirumba, kati ya magunia ya dagaa,
muuza nyavu akauliza navua nini.
Nikasema, dada yangu.
Hakucheka. Akanipimia mita kumi na mbili
za mshipi wa sangara,
ule usioonekana majini.

Sasa Holo yuko ukutani.
Si sura yake, ni kazi yake: dagaa wameanikwa juu ya mawe,
wanawake wawili wanafukuza kunguru,
na ziwa la kahawia,
maana alisema bluu ni ya watu wa kalenda.
Mshipi hauonekani. Ukikaa kwenye kochi
utaapa picha imesimama hewani.
Lori la mchanga likipanda mlima
fremu inayumba, inagonga ukuta mara moja,
inarudi wima bila kushikwa.
Holo naye hakupenda kushikwa.

Mwezi wa sita kodi inaisha.
Mwenye nyumba atakuja na tochi,
atapapasa plasta, atatafuta tundu,
hataliona.
Mshipi utakuwa umeviringwa kwenye kopo la maziwa.
Atakuta tu, mkabala na dirisha,
mraba mweupe kuliko ukuta wote,
jambo ambalo mkataba haukulitaja.